Alvise Cornaro: Mzee wa Padova na Wakia 12 za Chakula

Utangulizi

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walinena wahenga. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwasuta wale waliojaliwa riziki tele wakaisahau dhiki ya jirani. Ni nadra kuitumia kwa mtu wa aina nyingine, yaani yule ambaye ghala lake limejaa, mpishi wake yupo jikoni, naye kwa hiari yake anainuka mezani kila siku kabla ya kushiba. Mtu wa namna hiyo aliishi katika mji wa Padova, kaskazini mwa Italia, katika karne ya 16. Jina lake lilikuwa Alvise Cornaro. Nje ya eneo la Venezia hujulikana zaidi kama Luigi, kwani Alvise ni Luigi kwa lahaja ya Kivenezia.

Cornaro hakuwa tabibu wala mwanasayansi. Alikuwa mwenye mashamba, mpenzi wa majengo na mfadhili wa wasanii. Hata hivyo, kijitabu alichokichapisha mwaka 1558 kuhusu maisha ya kiasi kimesomwa kwa zaidi ya karne nne, na hadi leo wanaosimulia historia ya uchunguzi kuhusu chakula na urefu wa maisha humtaja kama mtangulizi. Makala haya yananuia kusimulia maisha yake na kuuliza swali moja: ushuhuda wa mtu mmoja juu ya mwili wake mwenyewe unaweza kutufunza nini, na hauwezi kutufunza nini? Swali hili linawahusu wanafunzi wa fasihi sawa na wanafunzi wa tiba, kwa kuwa kitabu cha Cornaro ni tawasifu kabla hakijawa kitabu cha afya.

Asili na ujana wake

Watafiti wengi wa siku hizi wanakubaliana kwamba Cornaro alizaliwa yapata mwaka 1484. Jina la Cornaro lilikuwa la ukoo mashuhuri mno katika dola ya Venezia, ukoo uliotoa watawala na makadinali. Alvise alidai kuwa tawi lake lilitokana na shina hilo hilo. Wakuu wa Venezia hawakuukubali ushahidi wake, na kwa sababu hiyo hakuhesabiwa miongoni mwa waungwana waliokuwa na haki ya kushika nyadhifa za dola. Jambo hili lilimwathiri sana. Mtu aliyefungiwa mlango wa siasa alilazimika kutafuta heshima kwa njia nyingine, nayo aliitafuta katika ardhi, katika sanaa na hatimaye katika mwili wake mwenyewe.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa Padova. Mjomba wake, Alvise Angelieri, aliyekuwa kasisi katika mji huo, alimrithisha mali. Kijana Cornaro alianza masomo ya sheria huko lakini mali ikamvuta zaidi kuliko vitabu. Aliishi jinsi walivyoishi vijana wa tabaka lake: karamu, divai, vyakula vya kila namna na kukesha. Yeye mwenyewe hakuificha sehemu hii ya maisha yake alipokuja kuandika. Aliieleza kuwa ni maradhi ya zama zake, kwani watu wa wakati huo walifikia hatua ya kuuona ulafi kuwa ni ukarimu na kiasi kuwa ni ubahili.

Mwili haukustahimili. Baina ya umri wa miaka 35 na 40, kwa mujibu wa maelezo yake, alikuwa na maumivu ya tumbo, maumivu ya ubavu, dalili za jongo, homa ndogo isiyokatika na kiu isiyozimika. Alijaribu dawa nyingi zisimfae. Mwishowe matabibu walimweleza kwamba imesalia tiba moja tu, nayo ni kuishi kwa utaratibu na kula kwa kiasi. Na kwamba asipoifuata mara moja, baada ya miezi michache haitamsaidia tena.

Ushauri huo ulitokana na elimu ya tiba ya enzi hiyo, iliyorithiwa kutoka kwa Wayunani wa kale. Matabibu waliamini kuwa mwili una majimaji manne ambayo yakikaa kwa ulinganifu mtu huwa mzima, na yakizidiana mtu huugua. Kwa kuwa kinyume huponywa kwa kinyume, aliyeuguzwa na fujo hana budi kuponywa kwa utaratibu. Nadharia hiyo imekwisha kuachwa, ila ushauri uliotokana nayo haukuwa mbaya. Cornaro anasimulia kwamba siku chache baada ya kuufuata alianza kuona nafuu, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepona kabisa.

Mizani ya wakia 12

Watu wengi hupona wakarudia mazoea yao. Upekee wa Cornaro ni kwamba hakurudi. Aliendelea kujichunguza kwa miaka mingi, akijaribu chakula kimoja baada ya kingine ili ajue kipi kinamfaa na kipi kinamdhuru, bila kujali kipi ni kitamu zaidi. Kutokana na uchunguzi huo alijiwekea kipimo: wakia 12 za chakula kwa siku, zikijumuisha mkate, kiini cha yai, nyama na supu, pamoja na wakia 14 za divai. Wakia zilitofautiana kutoka mji hadi mji, lakini kwa mizani yoyote ya eneo lile chakula hicho hakikuzidi nusu kilo. Fauka ya hayo, alijihadhari na joto kali, baridi kali, uchovu, kukosa usingizi, na kadiri alivyoweza, huzuni na hasira.

Msomaji wa leo atashangazwa na kiasi cha divai. Ni vyema tukumbuke kwamba katika Italia ya wakati huo divai ilihesabiwa kuwa sehemu ya mlo wa kila siku. Jambo la kuzingatia ni kipimo chenyewe. Kabla yake wahubiri na wanafalsafa wengi walikuwa wamesifu kiasi kama fadhila ya roho. Cornaro alikipa kiasi nambari. Aliigeuza fadhila kuwa kitu kinachoweza kuwekwa kwenye mizani, kupunguzwa au kuongezwa, na matokeo yake kutazamwa.

Maji, majengo na wageni wa uani

Afya iliporejea, Cornaro alijitosa katika kazi. Nyanda za kusini mwa Padova zilikuwa na mabwawa mengi. Alichimba mifereji, akayaondoa maji, akayafanya mashamba, na hivyo akajipatia utajiri mkubwa. Kwake yeye kilimo kilikuwa kazi takatifu. Alimsimamia pia kadinali Francesco Pisani, askofu wa Padova, mali za uaskofu. Juhudi zake za kukausha mabwawa zilimwingiza katika mgogoro na Cristoforo Sabbadino, mhandisi aliyekuwa na jukumu la kulilinda wangwa la Venezia. Sabbadino aliamini kuwa maji ni ngome ya mji, ilhali Cornaro aliamini kuwa mji hauna budi kujilisha kwa nafaka zake. Mwaka 1560 Cornaro alichapisha risala kuhusu suala hilo la maji.

Nyumbani kwake Padova alimwajiri msanifu majengo Giovanni Maria Falconetto, ambaye mwaka 1524 alimjengea baraza ya matao kwa mtindo wa Warumi wa kale, na baadaye jengo la pili lililokusudiwa muziki. Majengo yote mawili yangali yamesimama. Baraza hiyo ilitumika kama jukwaa la tamthilia, na mtunzi mkuu wa jukwaa hilo alikuwa Angelo Beolco, aliyejulikana kwa jina la mhusika wake, Ruzante.

Kwa wanafunzi wa fasihi, hapa ndipo maisha ya Cornaro yanapopata uzito wa pekee. Ruzante hakutunga kwa lugha ya mabwana bali kwa lahaja ya wakulima wa vijijini karibu na Padova. Wahusika wake ni wakulima na askari waliorudi vitani wakiwa hohehahe, na shida yao kuu ni njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1520 vita na uhaba wa mavuno vilileta njaa kali katika vijiji vya eneo hilo, na Ruzante akaitia njaa hiyo katika maigizo yake. Dario Fo, mwandishi wa Italia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, alimtaja Ruzante kuwa mmoja wa walimu wake wakuu.

Tafakari hali hiyo. Katika ua wa bwana ambaye mezani hula wakia 12 kwa kupenda, wanasimama waigizaji wakiigiza watu ambao hawana hata wakia moja. Bwana huyu anapunguza chakula ili aishi. Mkulima jukwaani anakufa kwa sababu chakula kimepungua. Kijitabu cha Cornaro hakiwazungumzii watu wa pili. Kimeandikiwa wenye uwezo wa kuchagua, na hilo halina budi kukumbukwa kila mara tunapoyasoma mafunzo yake.

Ajali na jaribio

Matukio mawili ndiyo nguzo za ushuhuda wa Cornaro. La kwanza ni ajali. Alipokuwa, kwa hesabu yake, na umri wa miaka 70, gari lake la farasi lilipinduka na farasi wakamburura. Aliumia kichwa na mwili mzima, mkono na mguu vikateguka. Matabibu walikadiria kuwa hangeishi zaidi ya siku tatu, wakapendekeza kumtoa damu na kumpa dawa ya kumharisha. Alikataa yote mawili. Aliagiza viungo virudishwe mahali pake, akapakwa mafuta, akapona. Kwa maoni yake, mwili uliozoea utaratibu haukuwa na uchafu wa ziada ambao ungeligeuza jeraha kuwa maradhi. Yamkini pia kukataa kutolewa damu kulimsaidia, ingawa mwenyewe aliisifu meza yake tu.

Tukio la pili lina thamani kubwa zaidi. Jamaa na marafiki zake walimsihi aongeze chakula kwa kuwa uzee unahitaji nguvu. Alipinga, akisema kuwa tumbo la mzee hudhoofika kama mwili wake, hivyo linahitaji kidogo zaidi. Hatimaye alikubali ili kuwaridhisha. Chakula kikatoka wakia 12 hadi 14, na divai kutoka wakia 14 hadi 16. Baada ya siku nane uchangamfu wake uligeuka kuwa huzuni na hasira. Siku ya 12 akashikwa na maumivu ya ubavu kwa saa 22, kisha homa iliyodumu siku 35. Aliporejea kwenye kipimo chake cha awali, akapona.

Kwa kiwango fulani, hili ni jaribio. Kuna kipimo, kuna badiliko la kipimo, kuna matokeo na kuna kurejea kwenye hali ya mwanzo. Lakini aliyefanyiwa ni mmoja, mwamuzi ni yeye, na msimulizi ni yeye. Alikwisha kuamini jibu kabla ya kuuliza swali.

Kitabu chake na umri wake

Kijitabu cha kwanza kilichapishwa Padova mwaka 1558. Baadaye aliongeza maandishi mengine matatu, la mwisho likitoka mwaka 1565, na yote manne huchapishwa pamoja. Katika maandishi hayo msomaji hukutana na mzee mwenye furaha. Hupanda farasi bila kusaidiwa, hukwea ngazi na vilima, husoma, huandika kwa saa nyingi, huimba pamoja na wajukuu wake 11 waliozaliwa na binti yake wa pekee, Chiara. Huonea fahari mashamba aliyoyatoa majini na majengo aliyoyasimamisha. Anadai kuwa katika uzee huo ametunga hata tamthilia ya kuchekesha.

Wanafunzi wa Kiswahili watautambua upesi muundo huu. Ni wasia. Mzee aliyekaribia mwisho wa safari anawageukia walio nyuma yake na kuwakabidhi alichojifunza. Karne tatu baada ya Cornaro, Mwana Kupona binti Msham naye alitunga wasia kwa binti yake akiwa mgonjwa. Tofauti baina ya tungo hizo ni nyingi, ila zinafanana kwa jambo moja: nguvu ya wasia hutokana na hali ya anayeusema. Tunamsikiliza mgonjwa kwa sababu anakaribia kufa, na tunamsikiliza Cornaro kwa sababu hajafa.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Katika maandishi hayo manne kama yanavyosomwa kwa kawaida, Cornaro anajitaja kuwa na umri wa miaka 83 katika la kwanza, kisha 86, kisha 91, na 95 katika la mwisho. Baina ya kuchapishwa kwa la kwanza na la mwisho ilipita miaka 7 tu, ilhali mwandishi alikuwa ameongeza miaka 12. Tukikubali kuwa alizaliwa yapata mwaka 1484, basi mwaka 1558 alikuwa na miaka 74 hivi. Alifariki Padova mwaka 1566, akiwa na miaka 82 au karibu na hapo. Baada ya kifo chake umri huo uliendelea kukua vinywani mwa watu: wengine walisema 98, wengine wakavuka 100.

Miaka 82 katika karne ya 16 si haba, hasa kwa mtu aliyekatiwa tamaa akiwa na miaka 40. Cornaro hakuhitaji kuongeza chochote. Lakini alikuwa mtu aliyewahi kukataliwa ushahidi wa ukoo wake, na huenda alijua jinsi madai yanavyopewa uzito kwa nambari. Msomaji wa tawasifu hufunzwa kutomwamini msimulizi moja kwa moja. Kwa Cornaro tahadhari hiyo si ya kinadharia tu, kwani watu wamepanga milo yao kwa kumwamini.

Waliomfuata na waliompinga

Kijitabu kilienea haraka. Leonardus Lessius, mwanatheolojia wa shirika la Wajesuiti, alikitafsiri kwa Kilatini na kukitoa mwaka 1613 pamoja na kitabu chake mwenyewe. Mshairi wa Uingereza George Herbert alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1634, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Herbert mwenyewe hakufikisha miaka 40. Katika karne ya 18 Joseph Addison alikisifu mbele ya wasomaji wa London. Waliomsoma wengi walivutiwa na ahadi yake: kwamba uzee si adhabu, na kwamba ufunguo wake umo mikononi mwa kila mtu.

Mpinzani wake mkali zaidi alikuwa mwanafalsafa Friedrich Nietzsche wa Ujerumani. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1889, Nietzsche alimchukua Cornaro kuwa mfano wa kosa la kuchanganya sababu na matokeo. Kwa maoni yake, Cornaro hakuishi sana kwa sababu alikula kidogo. Alikula kidogo kwa sababu mwili wake ulitumia chakula polepole mno, na polepole hiyo ndiyo iliyompa maisha marefu. Hakuwa huru kula zaidi. Kila alipozidisha aliugua. Mtu mwenye mwili wa aina nyingine akiiga mlo huo atajimaliza.

Hoja hii ni nzito. Tukio lile la wakia mbili za ziada, ambalo Cornaro alilitoa kama ushahidi wake bora, Nietzsche aliligeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Maisha ya mtu mmoja hayawezi kuwaamua hawa wawili, hata yasimuliwe kwa ufasaha namna gani. Kinachohitajika ni viumbe wengi wanaofanana, wagawanywe katika makundi, kundi moja lilishwe kidogo na jingine zaidi, kisha wahesabiwe wanapokufa.

Kutoka mezani hadi maabarani

Hesabu hiyo ilifanywa nchini Marekani. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya utafiti juu ya panya weupe. Panya waliopunguziwa kalori, lakini wakapewa protini, vitamini na madini ya kutosha, walidumaa kimo ila wengi wao waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioshiba, na tofauti ilikuwa dhahiri zaidi kwa madume. Hapa hoja ya Nietzsche haikufua dafu, kwani si mwili wa panya uliochagua mlo. Ni mtafiti aliyeugawa. Katika viumbe hao, angalau, kula kidogo kulikuwa sababu.

Tunapomkaribia binadamu, mambo huwa si mepesi. Vituo viwili vya Marekani vilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwachunguza tumbili wa aina ya rhesus. Kituo cha Wisconsin kiliripoti mwaka 2009 kuwa waliokula kidogo walipatwa na vifo vichache vya maradhi ya uzeeni. Kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa uzee kiliripoti mwaka 2012 kuwa hakikuona tofauti katika urefu wa maisha. Mwaka 2017 watafiti wa pande zote mbili walichapisha tathmini ya pamoja. Ilibainika kuwa vyakula vilikuwa tofauti, umri wa kuanza ulikuwa tofauti, na tumbili waliotumiwa kulinganishia katika kituo cha pili hawakuachwa kula watakavyo. Kwa jumla kupunguza chakula kulileta manufaa ya afya, lakini si kwa kila umri wala kwa kiwango kimoja.

Kwa binadamu, utafiti uliojulikana kama CALERIE uliwahusisha watu 218 wasio wanene kupindukia kwa muda wa miaka miwili. Walioteuliwa kupunguza kalori walilenga kupunguza kwa asilimia 25, lakini kwa wastani walifaulu kwa asilimia 12 hivi. Shinikizo la damu na lehemu vilionyesha nafuu, ingawa uzito wa mifupa ulipungua kidogo. Iwapo wataishi zaidi, miaka miwili haiwezi kusema. Cornaro angeshangaa kuona jinsi ilivyo vigumu kwa watu wa kawaida kufanya alichokifanya kwa miaka 40.

Kuna tawi jingine la uchunguzi huu ambalo linayakaribia maradhi ya Cornaro kwa njia ya kuvutia. Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kuwashambulia wavamizi, huugeukia mwili wenyewe. Miongoni mwayo ni lupasi na aina ya baridi yabisi inayovimbisha viungo. Jongo alilolitaja Cornaro si la kundi hili; husababishwa na chembechembe za asidi ya yuriki zinazojikusanya katika viungo, na hilo lina uhusiano wa wazi na ulaji na unywaji. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 Gabriel Fernandes, Edmond Yunis na Robert Good waliwachunguza panya wadogo wa koo zinazozaliwa na mwelekeo wa kupata ugonjwa unaofanana na lupasi. Panya waliopunguziwa kalori walichelewa kupata ugonjwa wa figo unaowaua, nao wakaishi muda mrefu zaidi kuliko ndugu zao waliokula wapendavyo. Urithi ulikuwa ule ule. Mlo ndio uliobadilika.

Kwa wagonjwa wa baridi yabisi, watafiti wa Norway walichapisha mwaka 1991 katika jarida la Lancet utafiti ambao wagonjwa walifunga kwa siku 7 hadi 10, kisha wakafuata mlo wa mimea. Wengi walipata nafuu iliyodumu hata baada ya mwaka mmoja. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na ulibadilisha aina ya chakula pamoja na kiasi chake, kwa hiyo haumpi mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa zake. Unachoonyesha ni kwamba baina ya sahani na kinga ya mwili kuna njia, na njia hiyo inastahili kuchunguzwa na walio wengi, kwa makundi ya kulinganisha na kwa miaka ya kutosha.

Hitimisho

Maisha ya Alvise Cornaro yametufikia kupitia kalamu yake mwenyewe, na kalamu hiyo haikuwa mwaminifu katika jambo moja ambalo lilihitaji uaminifu zaidi, yaani umri. Licha ya hayo, swali aliloliuliza lilikuwa la kweli. Aliuliza kama kiasi cha chakula, kikipimwa na kushikiliwa, kinaweza kubadilisha namna mtu anavyozeeka. Jibu limechukua karibu karne nne kuanza kupatikana, na bado halijakamilika kwa binadamu. Lililopatikana halikutokana na ushuhuda wake wa uzee mrefu bali na panya na tumbili wasioweza kusimulia lolote, na kwa hiyo wasioweza kujisifu.

Jambo la mwisho ni kutenganisha kiasi na njaa. Katika tafiti za maabarani kuanzia ule wa mwaka 1935, wanyama walipunguziwa kalori huku wakihakikishiwa kila kirutubishi. Cornaro vilevile alikuwa na nyama, mayai na mkate safi kila siku ya maisha yake. Mkulima aliyesimama jukwaani uani kwake hakuwa na mlo wa kiasi. Alikuwa na utapiamlo, nao hufupisha maisha na kuidhoofisha kinga ya mwili. Mtu anayesoma wasia wa Cornaro bila kuwasikia wahusika wa Ruzante anaweza kudhani kuwa umaskini ni dawa. Tukizisoma kazi zao pamoja, maadamu zilizaliwa katika ua mmoja, tutaelewa kuwa kabla mtu hajashauriwa kuinuka mezani mapema, sharti awe amekaribishwa mezani.

Cornaro alichorwa katika uzee wake na Tintoretto, na picha hiyo ipo hadi leo katika jumba la Pitti mjini Firenze. Inamwonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe, ameketi akimtazama mtazamaji. Picha hiyo haitaji umri wake. Huenda hivyo ndivyo ingefaa aangaliwe: mtu aliyepona, aliyejizuia kwa miaka 40, akafa akiwa mzee. Hayo peke yake yalitosha kuwa wasia.